Chupa Kwanza, Spana Baadaye

Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi kwenye mkutano wetu wa madereva, utingo, wenye magari na mafundi, hapa Kizota, Dodoma. Wengi walikuwa safarini, na wawili walikuwa wamelala na lori porini kwa sababu ile ile niliyokuja kuizungumzia, maji kwenye dizeli, kwa hiyo nimeyaandika yote. Picha za ukutani nimeziacha. Waliokuwepo wanajua hazikuonekana hata hivyo, jua lilikuwa linapiga ukuta.

Mbukwenyi!

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Dada zangu mliokaa kule nyuma kwenye kivuli, habari za tangu asubuhi?

Nimekuja na chupa mbili. Ni chupa za maji ya kunywa, za nusu lita, nimebandua karatasi ili muone ndani. Hii ya kulia ina dizeli niliyonunua leo asubuhi. Hii ya kushoto niliikinga jana jioni chini ya sedimenta, kile kichujio kinachotenga maji na dizeli, kwenye Fuso lililoletwa kwangu kwa kuvutwa. Zipitisheni. Kila mtu aishike, ainamishe taratibu, asitikise. Ile ya kushoto mtaona pale chini kuna kitu kinakimbia peke yake. Dizeli inakwenda huku, chenyewe kinakwenda kule. Kinajikusanya duara kama tone la maji kwenye sufuria yenye mafuta, na kati yake na dizeli kuna mstari mwembamba, kama umechorwa kwa kalamu.

Ndugu zangu, hicho kitone ndicho kilichonileta hapa. Mvua za kwetu ziko mlangoni. Matrekta yanatolewa mabandani, mapipa yanajazwa, na kila mwaka kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanja wangu unajaa magari yanayowaka, yanakohoa, yanazima.

Sasa niwaulize. Dereva wa kwetu, gari likimzimia njiani, anafanya nini? Anapiga stata. Likikataa? Anapiga tena. Likikataa? Anampigia simu fundi. Na fundi akifika anafanya nini? (Sauti: "Anafungua pampu!") Eeh, anafungua pampu ya mafuta. Mmeshasema wenyewe. Nimekuja kuwaomba jambo moja tu: chupa kwanza, spana baadaye.

Msidhani nawasema ninyi. Nianze na mimi mwenyewe.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye ufundi. Lori limepakia mahindi Kibaigwa, linakwenda Iringa kwa njia ya Mtera. Limepita Fufu, likazima. Nikatumwa mimi, nimepanda basi na boksi langu la spana, najiona daktari bingwa. Nafika, napiga stata, linawaka. Dakika tano, linazima. Tunasubiri kidogo, linawaka tena. Linakohoa, moshi mweupe, linazima. Nikasema pampu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Nikaifungua pale pale kando ya lami, juu ya gunia. Nikairudisha Dodoma kwenye basi nimeipakata kama mtoto. Fundi wa pampu akaifungua, akaipima, akaifunga, akalipwa hela yake. Utingo wa watu analala juu ya mahindi usiku wa pili. Narudi, nafunga, natoa upepo kwenye mirija ya mafuta, injini inaitika vizuri kabisa. Tajiri ananipigia simu kunipongeza. Tukaenda kilomita tatu. Likazima.

Kesho yake akaja mzee aliyenifundisha kazi. Hakuja na boksi. Alimwomba utingo chupa tupu ya maji, akajilaza chini ya lori, akafungua kikoki cha sedimenta, akakinga. Akatoka, akainua chupa kwenye jua. Nusu nzima ya chini ilikuwa maji, na takataka za kutu zinaelea kwenye ule mstari. Akaniuliza, "Pampu umefungua?" Nikasema, "Nimefungua, mzee." "Tenki je?" Nikanyamaza. Akasema, "Mgonjwa anatapika, wewe umemng'oa meno. Amekula nini, hukumuuliza."

Miaka imepita, lakini kila nikishika spana ya pampu nayasikia maneno yale. Amekula nini?

Sasa tuelewane kwa nini gari lenye maji lina tabia ile. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya dizeli haifiki hapo, ni kama gramu 830 au 850. Kwa hiyo maji yanazama, yanakaa chini ya tenki. Na ule mrija unaovuta mafuta umefika wapi? Karibu na chini. Maji yakiwa machache, kwenye tambarare mrija unapita juu yake, gari linakwenda, dereva anapiga mluzi. Fika mlimani, au kanyaga breki ya nguvu, maji yanahama, yanaukuta mrija. Injini inameza. Inakohoa, inazima. Ukisimama, yanatulia tena chini, unapiga stata, linawaka! Unasema limepona. Halijapona. Ndiyo maana mtu anatoka Dodoma vizuri, anapita Chemba vizuri, anaanza kusumbuka kwenye milima ya Kolo, halafu anasema gari lake haliipendi Kondoa.

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini nimeambiwa hivyo na mtu mzima.

Na maji hayazimi tu injini. Dizeli ndiyo grisi ya pampu na ya nozeli zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, vile vyuma vinavyosukuma mafuta havina mlainishaji mwingine. Sindano ya nozeli na nyumba yake vimeachana kwa nafasi ya milimita moja iliyogawanywa mara elfu, ukachukua vipande viwili au vitatu hivi. Unywele wako mmoja hauingii hapo hata ukiupasua mara ishirini. Ukipitisha maji, chuma kinasugua chuma, na gari likilala wiki moja, kutu inaingia mahali ambapo hata vumbi haliwezi kuingia. Juu ya hayo, tone la maji likifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto linageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huo unaweza kuing'oa ncha yenyewe.

Wenye magari ya kisasa, yale ya komoni reli, ambayo nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye presha kubwa, nisikilizeni kwa masikio mawili. Tairi la lori mnalijaza upepo kama baa 8. Nozeli za magari ya zamani zinafunguka kwenye baa 100 na kitu, nyingine 200 na kitu. Hizi mpya zinafanya kazi kwenye baa 1,600, nyingine 2,000 na zaidi. Injini ya zamani ilikuwa inavumilia. Ilimeza maji, ikatema, ikaendelea. Hii mpya haivumilii, na seti moja ya nozeli zake itakuuzisha ng'ombe. Nimeshamwona mtu anauza ng'ombe.

Kwa hiyo ukiona ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye picha ya chujio na matone, usiizoee. Kuna watu wamekata waya wake kwa sababu inawakera usiku. Mtu anayekata waya wa taa hiyo nikimpata hapa leo simpi chai.

Maji yanatoka wapi? Kila mtu atasema sheli. Ni kweli, mara nyingine ni sheli. Tenki la chini ya ardhi, mvua kubwa, mfuniko haukufungwa sawasawa, maji yanaingia. Na mkikuta lori la mafuta linashusha mzigo sheli, msijaze wakati huo; maji na takataka zilizolala chini ya tenki zinavurugwa zote, zinakuja kwenu. Nendeni mkanywe chai kwanza au mwende sheli ya mbele.

Lakini kwetu hapa, kwa hesabu ya magari ninayoyaona uwanjani kwangu, adui mkubwa ni pipa na dumu.

Mwenye trekta mmoja upande wa Bahi aliniita mwaka juzi. Trekta linazima kila baada ya mistari miwili mitatu ya shamba. Nikakinga chupa, maji. Akaapa: "Fundi, mafuta yangu mimi sinunui kwa vidumu vya barabarani. Nina mapipa yangu matatu, ya lita 200, nimeyakaza vifuniko mwenyewe kwa spana." Akanipeleka nyuma ya nyumba. Mapipa yamesimama wima, juani, na usiku uliopita mvua ilinyesha. Juu ya kila pipa kuna dimbwi la maji, limezungukwa na ule ukingo wa bati, na kifuniko kiko katikati ya dimbwi. Kuku wanakunywa hapo.

Nikamwambia, mzee wangu, pipa linapumua. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Mchana jua linapiga, mafuta na hewa ndani vinapanuka, hewa inajipenyeza nje kupitia nyuzi za kifuniko. Usiku baridi inaingia, vya ndani vinasinyaa, pipa linavuta. Linavuta nini? Linavuta kilichoko juu ya kifuniko. Kila usiku kijiko, kila usiku kijiko. Kifuniko kinachozuia mafuta yasimwagike si lazima kizuie maji yasinyonywe.

Dawa yake haina gharama. Laza pipa ubavu, juu ya magogo mawili, vifuniko vyote viwili vikae kwenye mstari mmoja wa usawa, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Vifuniko vikiwa vimefunikwa na mafuta kwa ndani, pipa haliwezi kunyonya maji. Kama ni lazima lisimame, liweke kivulini, liinamishe kwa kipande cha mti, maji yakusanyike upande usio na kifuniko. Ukifyonza mafuta, mpira usifike chini kabisa. Acha kama vidole vinne.

Kwenye pipa la tatu tulikuta kitu kingine. Mpira ulitoka na ute mweusi unaovutika. Vijana walioko hapa, mlenda mnaujua? Ulikuwa unavutika vile vile. Hivyo ni vijidudu. Vinaishi kwenye maji, chakula chao ni dizeli, kwa hiyo makazi yao ni pale pale kwenye ule mstari mlioona kwenye chupa. Ondoa maji, wanakosa nyumba. Waache, wanaziba filta mpya ndani ya siku chache, na wewe unamlaumu aliyekuuzia filta.

Dumu sitalisema sana. Dumu lililobeba maji ya kisima asubuhi likabeba dizeli jioni, mnajua wenyewe. Na tenki lililopoteza kifuniko likafungwa kwa nailoni na kamba ya katani, nalo mnajua. Nimeliona moja getini.

Sasa, kuna kosa la upande wa pili, na hili ni la mafundi zaidi. Ukishajifunza maji, unaanza kuyaona kila mahali.

Kosta moja ya abiria ilikuwa inazima kila baada ya nusu saa. Dereva anasema maji, konda anasema maji, mimi mwenyewe nilisema maji kabla sijafika. Nikakinga chupa: safi. Nikaiacha dakika kumi isimame, safi, haina hata ukungu. Hapo chupa ilikuwa imeshaniambia kitu, nikaacha kubisha nayo. Nikamwambia dereva, twende hivyo hivyo, nami ndani. Ikazima karibu na Nala. Nikashuka, nikafungua kifuniko cha tenki. Fyuuu! Tenki likavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Tukapiga stata, ikawaka. Mnajua ilikuwa nini? Nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo kwenye tundu la kupumulia la tenki. Pampu inavuta, hewa haiingii, mwishowe mafuta yanagoma kutoka. Kazi nzima ilikuwa waya mmoja mwembamba na dakika mbili.

Kwa hiyo sikilizeni gari linavyosema. Lenye maji linakohoa, linatoa moshi mweupe, linasumbua zaidi baada ya kujaza mafuta au mlimani. Lenye filta iliyoziba linanguruma vizuri likisimama, ukilipa mzigo linakosa nguvu. Lililoingia upepo linawaka ukipiga pampu ya mkono, halafu linakata. Tafuta mpira uliochoka au klampu iliyolegea. Lenye nyigu mmeshalisikia. Lakini yote hayo yanaanzia wapi? (Sauti: "Chupa!") Chupa kwanza.

Haya, umekinga, umekuta maji. Unafanyaje?

La kwanza, acha stata. Kila unavyopiga, unayasukuma maji mbele, kutoka kwenye sedimenta kwenda kwenye pampu, kutoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Kama yalikuwa bado hayajafika, wewe ndiye unayeyafikisha. Washa hazadi, weka pembetatu zako, tia kigingi kwenye tairi.

Yakiwa ni vijiko vichache, yamwage kwenye sedimenta kwa kikoki, ukisaidia na pampu ya mkono, mpaka itoke dizeli tupu. Toa upepo, washa, na usizime mpaka ufike mahali pa kulichunguza tenki. Hapo dereva mwenyewe anatosha, hahitaji kuniita.

Yakiwa ni mengi, usijidanganye kwa kumwaga sedimenta mara ishirini barabarani. Fungua boliti ya chini ya tenki, mwaga yote kwenye vyombo. Si kwenye mchanga, ndugu zangu, kuna visima hapa chini. Kama tenki lina kutu au ule mlenda, lishushe lisafishwe. Fungua mpira wa mafuta upande wa pampu, usukume mafuta masafi mpaka yatoke masafi. Badilisha filta, zote, hata kama uliweka mpya wiki iliyopita, kwa sababu karatasi iliyolowa maji haichuji tena inavyotakiwa. Halafu toa upepo kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kiganjani. Ukipiga stata, sekunde kumi mpaka kumi na tano, basi, pumzisha dakika moja au mbili. Stata nayo ina bei.

Na hapa vijana wangu wa spana nawaomba msimame kidogo. Ile tabia ya zamani ya kulegeza nati za nozeli injini ikizunguka, ili upepo utoke, kwenye komoni reli ni marufuku. Marufuku! Mafuta ya baa 1,600 yanapenya ngozi. Tundu litaonekana kama la sindano, halitoki damu hata, nawe utacheka urudi kazini. Ndani ya mkono mafuta yameshasambaa. Hiyo ni hospitali saa ile ile, si kesho, na umwambie daktari kabisa kwamba ni mafuta ya presha.

Wengine mnaniuliza kuhusu kumimina spiriti kwenye tenki ili "ikaushe maji". Spiriti haikaushi. Inayachanganya maji yapite yasionekane, yaani unamsaidia mwizi kupita getini amevaa sare. Mimi simimini.

Mwisho, haki yako. Jamaa mmoja alijaza lita 150 sheli fulani usiku, hakufika mbali. Hasira zikampanda, akamwaga tenki lote mtaroni, akarudi sheli kupiga kelele. Wakamuuliza, maji yako wapi? Akaonyesha mtaro. Risiti? Aliitupa. Kesi ikaishia hapo hapo. Angekinga chupa mbili mbele ya mashahidi, akazifunga, akaandika tarehe, saa na namba ya gari, akabaki na risiti yake ya EFD, angekuwa na neno la kusema. EWURA ndio wanaosimamia mafuta nchini, na makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, hatuhitaji hata nauli ya basi la mkoa. Na kabla ya kujaza lita nyingi, una haki ya kumwomba mhudumu kwa adabu akupimie tenki lao: wana fimbo ya kupimia, na kuna dawa inayopakwa kwenye ncha, ikigusa maji inabadilika rangi. Akikataa, umeshapata jibu.

Naona chai imeletwa. Chupa zangu naziacha hapa mezani, ambaye hakuinamisha aje ainamishe. Maswali tutaulizana tukinywa.

Ila yule ndugu mwenye tipa la bluu pale getini, lenye nailoni kwenye tenki, ambalo tangu naanza kuongea linatoa moshi mweupe na limezimwa na kuwashwa mara tatu, wewe usiondoke. Lete ufunguo hapa, na mtu amtafutie chupa tupu.